Jinsi Tovuti Inavyotuma Barua Pepe

Shule nyingi za sekondari siku hizi zina tovuti zao, na katika tovuti hizo huwamo fomu ambayo mzazi au mwanafunzi huijaza ili kuulizia nafasi, kuomba maelezo au kutoa maoni. Ajazaye fomu hiyo huandika jina lake, anwani yake na ujumbe wake, kisha hubonyeza kitufe cha "Tuma". Muda mfupi baadaye ujumbe huo huonekana katika sanduku la barua pepe la ofisi ya shule. Jambo hili huonekana jepesi, kiasi kwamba ni watu wachache wanaojiuliza: barua hiyo imeandikwa na nani, imepelekwa na nani, na mpokeaji ana hakika gani kwamba imetoka kule inakosema imetoka?

Maswali hayo si ya mafundi peke yao. Mzazi akipokea barua yenye jina la shule, ikimtaka alipe ada kwa namba mpya ya simu, anaweza kupoteza fedha za mwaka mzima iwapo barua hiyo ni ya uongo. Tena, mara nyingine barua ya uongo hupitia katika mlango ambao shule yenyewe imeuacha wazi, yaani fomu ya tovuti yake. Katika makala haya tutaeleza jinsi kazi ya kutuma barua inavyofanyika, hatua kwa hatua, ili msomaji aone ni mahali gani udhaifu huingia, na jinsi unavyoweza kuzuiwa.

Kivinjari hakitumi barua

Kwanza yafaa tutenganishe mitambo miwili. Mtambo wa kwanza ni kompyuta au simu ya yule anayesoma tovuti. Ndani yake mna programu iitwayo kivinjari, ambayo kazi yake ni kuomba kurasa na kuzionyesha. Mtambo wa pili ni seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine. Seva huwaka usiku na mchana, pengine katika nchi ya mbali, nayo ndiyo inayohifadhi tovuti.

Wanafunzi wanaoanza kujifunza ufundi huu hudhani kwamba kitufe cha "Tuma" ndicho kinachotuma barua. Sivyo. Kitufe hicho hukusanya maneno yaliyomo katika fomu na kuyapeleka kwa seva, basi. Kivinjari huzungumza lugha ya kurasa, ijulikanayo kwa herufi HTTP. Lugha ya barua pepe hakiijui. Na hata kama tungetaka kukifundisha, tungekutana na kikwazo kikubwa zaidi. Kwa kawaida seva ya barua hutaka nywila kabla ya kukubali kumpelekea mtu barua zake. Lakini kila kitu kinachofika katika kivinjari chaweza kusomwa na mwenye kivinjari: maandishi, picha, hata msimbo wenyewe. Kuiweka nywila humo ni sawa na kufunga mlango wa ofisi na kuutundika ufunguo nje, kwenye msumari.

Kwa sababu hiyo kazi ya kutuma barua huachiwa programu inayokaa upande wa seva. Programu hiyo mgeni haioni. Huona matokeo yake tu. Yaweza kuandikwa kwa lugha nyingi za kompyuta, kama vile Perl, Python au PHP. Hapa tutatumia PHP, kwa kuwa lugha hiyo, ambayo Rasmus Lerdorf aliitangaza mwaka 1995, ingali inatumiwa na tovuti nyingi sana duniani, na ndani yake mna amri moja fupi ya kutuma barua, nayo ni mail.

Mfano wa Sanduku la Posta

Katika nchi zetu watu wengi hawaletewi barua mlangoni. Huzipokea kwa Sanduku la Posta. Barua ya mwanafunzi huandikwa jina lake, kisha S.L.P. ya shule, kisha mji. Posta haina haja ya kumjua mwanafunzi huyo. Huitia barua katika sanduku la shule, na karani wa shule ndiye anayempa mwenyewe.

Anwani ya barua pepe imejengwa vivyo hivyo. Tuchukue anwani ya mfano, ofisi@shule.example. (Majina yanayoishia na .example yametengwa kwa ajili ya mafunzo, hayana mwenyewe.) Maneno yaliyo baada ya alama ya @ ni jina la kikoa, nayo ni kama S.L.P. na mji. Neno lililo kabla ya alama ni la mtu au idara iliyomo ndani ya kikoa hicho. Alama hiyo ilichaguliwa na Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971, alipotuma barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao wa ARPANET, mtandao ambao ndio uliotangulia intaneti ya leo.

Programu ya PHP inapotekeleza amri ya mail, huikabidhi barua kwa seva ya barua, ambayo ni kama posta ya mji ule ule. Seva hiyo hulitazama jina la kikoa cha mpokeaji, kisha hutafuta katika daftari la majina la intaneti, liitwalo DNS, ni seva gani inayopokea barua za kikoa hicho. Ikiisha kuipata, huiita na kuanza kuzungumza nayo.

Mazungumzo ya seva mbili

Mazungumzo hayo hufuata kanuni zijulikanazo kwa herufi SMTP. Kanuni hizo zilitolewa Agosti 1982 na Jonathan Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California, na ingawa zimerekebishwa mara kadhaa, mwili wake ni ule ule. Jambo la kupendeza ni kwamba zimeandikwa kwa maneno ya kawaida, si kwa tarakimu za siri, hata mtu aweza kuzifuata kwa macho. Katika mfano ufuatao, M ni seva inayotuma na P ni seva inayopokea:

P: 220 posta.nyumbani.example
M: HELO seva.mbali.example
P: 250 Karibu
M: MAIL FROM:<fulani@mbali.example>
P: 250 Sawa
M: RCPT TO:<mzazi@nyumbani.example>
P: 250 Sawa
M: DATA
P: 354 Leta barua, maliza kwa nukta
M: From: Mhasibu <mhasibu@shule.example>
M: To: mzazi@nyumbani.example
M: Subject: Ada ya muhula
M:
M: Tafadhali lipa ada kwa namba mpya ifuatayo...
M: .
P: 250 Imepokewa
M: QUIT
P: 221 Kwaheri

Namba tatu-tatu zilizo upande wa P ndizo jibu lenyewe. Maneno yanayofuata ni ya kumsaidia binadamu. Namba inayoanza na 2 maana yake ni "nimekubali". Inayoanza na 3, "endelea". Inayoanza na 4, "sasa siwezi, jaribu tena baadaye". Na inayoanza na 5, "nimekataa". Seva ikijibiwa kwa 4 huiweka barua katika foleni na kujaribu tena na tena, hata kwa siku kadhaa, kabla ya kukata tamaa.

Sasa msomaji atazame tena mazungumzo hayo kwa makini. Mistari ya MAIL FROM na RCPT TO ni bahasha. Yote yaliyo baada ya DATA, pamoja na mstari wa From, ni barua iliyomo ndani ya bahasha. Bahasha inasema barua imetoka kwa fulani wa mbali.example; barua yenyewe inasema imetoka kwa mhasibu wa shule. Katika kanuni za asili hakuna sharti kwamba majina hayo mawili yalingane. Na mzazi akifungua sanduku lake, programu yake kwa kawaida humwonyesha jina lililo ndani ya barua, bahasha haonyeshwi.

Kwa nini kanuni ziliandikwa hivyo? Mwaka 1982 mtandao wa ARPANET ulikuwa na kompyuta zaidi kidogo ya 200 tu, nyingi zikiwa za vyuo vikuu, maabara na idara za serikali ya Marekani. Waliozitumia walikuwa jamii ndogo yenye kuaminiana, na shida yao kubwa ilikuwa kuhakikisha barua inafika. Hata hivyo dalili za mambo yajayo zilikwisha kuonekana. Mei 1978 mwuzaji wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, Gary Thuerk, aliwatumia mamia ya watumiaji wa mtandao huo tangazo la biashara ambalo hawakuliomba. Hiyo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza.

Fomu inavyogeuka kuwa chombo cha wengine

Tukirudi sasa kwenye fomu ya tovuti, tutaona kwamba udhaifu huo wa zamani huzidi pale programu ya seva inapoandikwa bila uangalifu. Kuna kisa kimoja mashuhuri. Mwaka 1995 Mmarekani Matt Wright aliwagawia watu bure programu ya Perl iitwayo FormMail. Kazi yake ilikuwa ile ile tunayoizungumzia: kupokea maneno ya fomu na kuyatuma kwa barua pepe. Maelfu ya watu waliitumia. Ili programu moja iweze kutumikia fomu nyingi, anwani ya mpokeaji iliwekwa ndani ya fomu yenyewe, katika sehemu isiyoonekana kwenye kioo.

Lakini kutoonekana kwenye kioo si kufichwa. Tumekwisha kusema kwamba chochote kilichomo katika kivinjari chaweza kusomwa, na kinachosomeka chaweza kubadilishwa. Wahalifu waliandika programu zao wenyewe, zikaiita FormMail moja kwa moja bila kupitia katika fomu, zikitaja mpokeaji yeyote na ujumbe wowote. Hivyo seva za watu wasio na hatia zikawa zinapeleka barua taka kwa wageni, kwa jina la wenye seva. Matoleo ya baadaye yalirekebishwa ili mwenye tovuti aorodheshe ndani ya programu, upande wa seva, ni anwani zipi tu zinazoruhusiwa kupokea barua.

Hila ya pili ni ya ndani zaidi. Kichwa cha barua ni mistari, na kila mstari ni agizo moja: kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, kuhusu nini. Mstari huisha pale mstari mpya unapoanza. Tuseme programu yetu huchukua anwani aliyoiandika mgeni na kuibandika katika mstari wa Reply-To, ili ofisi iweze kumjibu. Mgeni mwenye nia mbaya hatumi anwani peke yake. Hutuma anwani, kisha alama ya kuanza mstari mpya, kisha neno Bcc na anwani mia moja. Programu ikiyabandika hayo kama yalivyo, seva ya barua huona mistari miwili halali, na barua moja iliyokusudiwa ofisi ya shule huwafikia watu mia na mmoja.

Huenda mwanafunzi akasema: "Kisanduku cha anwani katika fomu hakikubali mstari mpya." Ni kweli, lakini kisanduku hicho kimo katika kivinjari, na mhalifu hakitumii kivinjari. Ukaguzi unaofanywa ndani ya ukurasa humsaidia mtu mwema aliyekosea. Haumzuii mtu mbaya aliyekusudia. Ukaguzi wa kweli hufanywa upande wa seva.

Programu iliyoandikwa kwa uangalifu

Hebu tutazame mistari michache ya PHP:

$anwani = filter_var($_POST['anwani'], FILTER_VALIDATE_EMAIL);
if ($anwani === false) {
    exit('Anwani si sahihi.');
}
$vichwa = "From: tovuti@shule.example\r\n" .
          "Reply-To: $anwani";
$jibu = mail('ofisi@shule.example', 'Swali kutoka tovuti',
             $_POST['ujumbe'], $vichwa);

Mambo manne yaangaliwe hapa. Kwanza, mpokeaji ameandikwa ndani ya programu. Mgeni hana uwezo wa kumbadilisha. Pili, anwani ya mgeni imekaguliwa kabla ya kutumiwa. Neno lisilo na umbo la anwani, likiwamo lile lenye mstari mpya, hukataliwa. Tatu, maneno ya ujumbe yametiwa katika mwili wa barua, ambako mistari mipya haina madhara, wala hayakutiwa katika kichwa.

Nne, mstari wa From una anwani ya shule yenyewe, si ya mgeni. Wengi huona ajabu, kwani aliyeuliza ni mgeni. Lakini aliyepeleka barua ni tovuti ya shule, na ukweli huo ndio unaostahili kuandikwa. Anwani ya mgeni imewekwa mahali pake, katika Reply-To, na ofisi ikibonyeza "Jibu" barua itamwendea yeye.

Kuhusu $jibu, yafaa kutahadharisha. Amri ya mail hurudisha "kweli" au "si kweli", na waandishi wengi wa programu huichukua "kweli" kuwa maana yake barua imefika. La. Maana yake ni kwamba seva ya barua ya hapo hapo imeipokea ili iipeleke. Ni stakabadhi ya dirishani posta, wala si sahihi ya mpokeaji. Kwa hiyo fomu yenye jambo zito, kama maombi ya nafasi, inapasa kuyahifadhi maneno ya mgeni katika seva pia, ili barua ikipotea maombi yasipotee pamoja nayo.

Saini ya kikoa

Zaidi ya programu yenyewe, mafundi wa intaneti wamebuni njia tatu za kuthibitisha asili ya barua, na zote hutumia daftari la DNS. Ya kwanza ni SPF. Mwenye kikoa huandika katika daftari orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, na seva inayopokea hulinganisha orodha hiyo na bahasha. Ya pili ni DKIM. Seva inayotuma hutia saini ya kidijiti kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuihakiki hubandikwa wazi katika daftari. Barua ikibadilishwa njiani, saini hailingani tena. Ya tatu ni DMARC, ambayo hudai kwamba kikoa kilichomo katika mstari wa From kipatane na walau kimoja kati ya vikoa vilivyothibitishwa kwa njia mbili za kwanza, na humweleza mpokeaji aifanyeje barua isiyopatana: aipokee, aiweke kando au aikatae. Hapo ndipo bahasha na barua huunganishwa, miaka mingi baada ya 1982. Tangu Februari 2024 huduma kubwa za Gmail na Yahoo huwataka watumaji wa barua nyingi wawe na njia zote tatu.

Kwa hiyo barua ya uongo tuliyoionyesha katika mazungumzo ya seva mbili itakataliwa, iwapo shule imeweka DMARC yenye agizo la kukataa na seva ya mzazi inaizingatia. Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo makala haya yanataka msomaji alishike. Saini ya kikoa huthibitisha kwamba barua imetoka katika seva ya shule. Haithibitishi kwamba maneno yake ni ya shule. Mhalifu akiipata fomu iliyo wazi, barua yake itatoka katika seva halali, itatiwa saini halali, na itapita ukaguzi wote. Itakuwa kama barua ya uongo iliyopigwa muhuri wa kweli kwa sababu muhuri uliachwa mezani. Kadiri saini inavyoaminiwa zaidi, ndivyo fomu isiyolindwa inavyokuwa na thamani kubwa zaidi kwa mwovu.

Zoezi la darasani

Mwalimu anaweza kulifundisha jambo hili hata mahali pasipo na kompyuta. Wanafunzi wawili wasimame mbele ya darasa, mmoja awe M na mwingine awe P, wasome mazungumzo tuliyoyaandika hapo juu. M aandike bahasha na barua kwa karatasi mbili mbali mbali. P aitupe bahasha na kumpa "mzazi" barua peke yake. Darasa limwulize mzazi: unaamini barua hii imetoka kwa nani, na kwa ushahidi gani?

Kisha zoezi lirudiwe. Safari hii ubandikwe ukutani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la shule, na P aikague kabla ya kusema "250". Darasa litaona barua ya uongo ikigonga mwamba. Mwisho, mwanafunzi wa tatu awe programu ya tovuti, asomaye kwa sauti chochote anachopewa na mgeni bila kukitazama, na M awe seva iliyomo katika orodha. Barua ya uongo itapita tena, mbele ya ukaguzi ule ule. Wanafunzi waachiwe kutafuta wenyewe ni nani kati yao alipaswa kuizuia, na kwa kanuni ipi. Wakilijibu swali hilo barabara, watakuwa wamekwisha kuielewa kazi ya programu ya seva: kupokea maneno ya kila mtu, na kutoliazima jina la shule kwa yeyote.